Bomba Limegonga Boriti, Nani Aamue?

Chukua korido moja tu. Iko sakafu ya chini ya hospitali ya ghorofa nne inayosanifiwa kwa ajili ya mteremko wa Kigoma, upande ule wa mji ambako ukigeuka tu unaliona ziwa. Mbunifu majengo yuko Dar es Salaam, mhandisi miundo yuko Dodoma, wahandisi wa mitambo na umeme wako Mwanza, mpima ardhi ni mwenyeji wa Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini. Hospitali hii ni mfano wangu mwenyewe, ila vipimo vyake ni vya kila siku kazini kwetu, sisi tunaoratibu modeli za kompyuta za majengo.

Kutoka sakafu hadi sakafu ya juu yake kuna milimita 3,600. Slabu na boriti kwa pamoja zinakula 600, zinabaki 3,000. Mbunifu anataka dari ya korido ikae kwenye 2,600, na fremu ya dari pamoja na bodi zake zinachukua 50. Nafasi inayobaki kati ya dari na tumbo la boriti, yaani upande wake wa chini, ni milimita 350. Mhandisi wa mitambo amechora dakti, mfereji wa bati wa kupitisha hewa, yenye upana wa 700 na kimo cha 350. Ikivishwa sufi ya kuzuia joto, milimita 25 juu na 25 chini, inafika 400. Nafasi imepungua kwa milimita 50, upana wa vidole vitatu.

Ukiangalia mchoro wa kila mmoja wao, hauna kosa. Boriti imekokotolewa vizuri, dakti inapitisha hewa inayotakiwa, dari ina kimo kizuri kwa machela na wagonjwa. Kosa liko katikati, mahali ambapo mchoro wa mmoja unaisha na wa mwingine unaanza, na mahali hapo hapana mtu aliyepewa kupaangalia. Kwa utaratibu tuliouzoea, jambo hili lingejulikana siku fundi wa dakti anapopanda ngazi na kipande chake cha bati mkononi, zege likiwa limeshakauka miezi kadhaa.

Modeli ya taarifa za jengo, ambayo watu wa fani hii duniani huiita BIM (Building Information Modelling), ilizaliwa kwa ajili ya tatizo la namna hiyo. Wazo lenyewe si geni: Charles Eastman wa Marekani alieleza mfumo wa aina hii katikati ya miaka ya 1970. Ni jengo linalojengwa kwanza ndani ya kompyuta, kwa vitu vinavyojijua. Mstari kwenye mchoro wa kawaida ni mstari tu. Jicho la msomaji ndilo linaloamua kuwa huo ni ukuta. Kwenye modeli, ukuta una unene wake, aina ya tofali, na dakika unazoweza kuuhimili moto, na mlango uliomo ndani yake huhama nao. Ramani ya sakafu, mkato wa jengo na orodha ya milango vyote hutolewa kwenye kitu kimoja, kwa hiyo milango anayoihesabu mkadiriaji majenzi ni ile ile aliyoiweka mbunifu. (Saiti zetu mafundi huita boriti "bimu". Ukiwa nao kikaoni sema "modeli", mtaelewana.)

Nasisitiza jambo moja kwa sababu nimeona fedha nyingi zikipotea kwa kutolielewa. Ofisi nyingi husema "tumeanza kutumia modeli" zikimaanisha zimenunua programu. Programu itakuonyesha kwamba dakti imeingia ndani ya boriti, tena itaipaka rangi nyekundu. Haitakuambia nani apishe. Kusimamia modeli kwenye mradi wenye fani nyingi ni kazi ya kugawa neno: kila kitu kwenye jengo kiwe na mwenye nacho mmoja, ajulikane, na neno lake liwafikie wengine kabla zege halijamwagwa.

Nguzo mbili mahali pamoja

Wageni wa jambo hili hudhani timu nzima huchora kwenye faili moja. Kwenye mradi mkubwa haiwi hivyo, na haifai iwe hivyo. Kila fani huwa na modeli yake, halafu zote hupandishwa pamoja kuwa modeli ya muungano kwa ajili ya ukaguzi. Faili moja lingekuwa zito kupita kiasi, na kila fani ina programu inayoipenda. La msingi zaidi ni dhamana. Mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi anatia muhuri wake kwenye kazi aliyoifanya yeye; hawezi kutia muhuri kwenye boriti ambayo mtu mwingine angeweza kuisogeza usiku.

Hapo ndipo panapozuka swali la nguzo. Mbunifu anahitaji nguzo kwenye modeli yake, la sivyo vyumba vyake havina maana. Mhandisi miundo naye anayo, tena ndiye anayejua ukubwa wake na nondo zake. Modeli zikipandishwa pamoja, mahali pamoja pana nguzo mbili. Mkadiriaji akichota hesabu bila kuuliza, zege la nguzo linaingia mara mbili kwenye mchanganuo wa gharama. Masinki na vyoo ni hivyo hivyo: mbunifu huviweka kwa ajili ya mpangilio, mhandisi wa mabomba kwa ajili ya maji.

Dawa yake ni jedwali la umiliki, lililokubaliwa kabla ya mtu kuchora chochote. Nguzo ni ya mhandisi miundo tangu hatua ya usanifu wa kina. Ya mbunifu inabaki kivuli kisichohesabiwa. Sinki ni la mbunifu, bomba linaloliingia ni la mhandisi. Taa ya dari mahali pake panaamuliwa na mbunifu, umeme wake na mhandisi umeme. Linaonekana jambo dogo, lakini kikao cha saa mbili cha kulijaza ndicho ninachokithamini kuliko vikao vyote vya mradi.

Mji ulio ukingoni mwa ukanda

Modeli za fani mbalimbali haziwezi kukaa pamoja kama hazikubaliani jengo liko wapi. Kigoma jambo hili lina uzito wake.

Wapima ardhi huigawa dunia katika kanda za nyuzi sita za longitudo kila mmoja, na kila ukanda una sifuri yake ya kuhesabia. Mpaka wa ukanda wa 35 na wa 36 uko kwenye nyuzi 30 mashariki. Kigoma mjini iko kwenye nyuzi 29.6 hivi, yaani ukanda wa 35; Kasulu imevuka kidogo, iko ukanda wa 36, pamoja na Tabora na sehemu kubwa ya katikati ya nchi. Mshauri aliyezoea kazi za Tabora au Dodoma akiacha programu yake kwenye ukanda wa 36, kiwanja kile kile cha Kigoma ambacho kwenye ukanda wa 35 husomeka karibu mita 790,000 mashariki kitasomeka kama mita 126,000. Ongeza na misingi ya vipimo, yaani makadirio ya umbo la dunia ambayo namba huhesabiwa juu yake: ramani nyingi za zamani zimefuata Arc 1960, vipokezi vya satelaiti hutoa WGS 84, na tofauti kati yake kwa eneo letu ni kama mita 300. Namba zote mbili zinaonekana za kweli, na hiyo ndiyo hatari yake.

Kosa la kilomita zaidi ya 600 halimdhuru mtu, kwa kuwa kila mtu analiona. Linalodhuru ni lile ambalo mtu analisahihisha kwa jicho. Nilifanya kazi kwenye mradi mmoja Tabora ambako modeli ya miundo ilikuja ikiwa mbali na nyingine zote, na kijana mmoja wa ofisi ya washauri akaivuta kwa mkono mpaka ikaonekana imekaa. Ilikuwa imekaa, kasoro milimita 40. Matundu ya mabomba kwenye slabu yalichorwa kwa kufuata modeli iliyovutwa, nguzo zikasimama mahali pake halisi. Slabu mbili zilipomwagwa tukagundua kwamba shimo la mabomba halinyooki toka juu hadi chini. Mafundi walishinda siku nane na mashine za kupasulia zege, na nondo mbili zilizokatwa zilimlazimu mhandisi kurudi mezani kuanza hesabu upya. Kelele ile ya zege kupasuliwa bado ninaikumbuka, kwa sababu ilikuwa kelele ya kosa lililofanyika kwenye kiti, kwa dakika moja.

Kwa hiyo siku ya kwanza mpima ardhi atoe nukta moja yenye alama ya kudumu saiti, na namba zake ziandikwe zikitaja ukanda na msingi wa vipimo. Kwa kuwa programu nyingi za usanifu hupoteza usahihi zikifanya kazi mbali sana na sifuri yake, timu huchagua sifuri ya mradi, karibu na kona ya jengo, na kuifunga kwenye nukta ya mpima. Vivyo hivyo kwa kimo. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Mmoja akiandika kimo kutoka baharini na mwingine kutoka sakafu ya chini, lazima pawe na mstari mmoja unaosema sakafu ya chini ni kimo fulani kamili. Kisha kila fani ichore mchemraba mdogo kwenye sifuri hiyo na kuutuma. Michemraba yote ikiangukia mahali pamoja, kazi ianze. Haijaangukia, pasichorwe hata ukuta.

Masanduku 5,000

Mwaka 1913 uwanja wa meli wa Papenburg, Ujerumani, uliunda meli ya chuma, ukaifungua kipande kwa kipande, ukaipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalisafiri baharini hadi Dar es Salaam, yakapanda reli ya kati, yakafika hapa Kigoma, meli ikaungwa upya kwa ribiti na kushushwa ziwani Februari 1915. Ndiyo Liemba yetu. Kila ninapoeleza majina ya mafaili huikumbuka meli hiyo. Fundi aliyesimama ufukweni na bamba la chuma hakuwa na wa kumuuliza. Alichokuwa nacho ni kilichofika mkononi mwake.

Sisi tuna simu, na simu zimetuharibia utaratibu. Mchoro hutumwa WhatsApp saa nne usiku ukiitwa "mpya", kesho yake unatumwa mwingine unaoitwa "mpya kabisa". Msimamizi wa saiti anachapisha ule alioufungua kwanza.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 19650, ambacho sehemu zake mbili za mwanzo zilitolewa 2018 kwa kufuata uzoefu wa Uingereza, kinataka pawe na hifadhi moja ya pamoja yenye hali nne za taarifa. Ya kwanza ni kazi inayoendelea: ni ya fani yenyewe, wengine hawaioni, na humo mtu ana haki ya kukosea. Ya pili ni iliyoshirikishwa: imekaguliwa ndani ya ofisi, wengine wanaweza kusanifu kwa kuifuata. Ya tatu ni iliyoidhinishwa: mwenye mamlaka upande wa mshitiri, yaani mwenye mradi, ameikubali itumike, na saiti inaruhusiwa kujenga kwa hii tu. Ya nne ni kumbukumbu, pasipofutwa kitu, ili siku ya mgogoro ijulikane nani alijua nini na lini.

Kila faili hubeba jina lenye mradi, ofisi iliyolitengeneza, jengo, sakafu, aina na fani, na pembeni alama ya toleo. Kwa desturi ya Uingereza, P01, P02 na kuendelea ni matoleo ya awali, na C01 ni la kwanza la kimkataba. Kijana wa saiti afundishwe jambo hilo moja: mchoro usio na C haumwagiwi zege.

Mtandao wetu nao uzingatiwe. Modeli ya hospitali nzima inaweza kuwa na ukubwa wa gigabaiti kadhaa, na ofisi ya saiti huku Kigoma haina sababu ya kuivuta kila asubuhi. Njia ninayoipendekeza ni mzunguko wa wiki: kila fani inapandisha modeli yake Alhamisi jioni, mratibu wa modeli anaziunganisha Ijumaa, wa saiti wanashusha usiku nakala nyepesi ya kutazama tu, kikao kinakaa Jumatatu. Kilichokosa Alhamisi kinasubiri wiki ijayo. Hapo mwanzo watu hunung'unika. Baada ya mwezi hakuna anayetaka kurudi nyuma, kwa kuwa kila mmoja ana siku tatu za kazi ambazo hakuna kitu kinachobadilika chini ya miguu yake.

Kuhusu programu tofauti nitasema kwa ufupi. Mafaili hubadilishana kwa IFC, lugha ya wazi iliyosajiliwa kama ISO 16739, na kila fani itaje toleo la programu yake kwenye mpango wa utekelezaji (waraka unaosema nani atatoa nini na lini) wala isilibadilishe katikati ya safari. Wanaoliona hilo kama usumbufu wakumbuke ndege ya Airbus A380: timu za Hamburg na Toulouse zilitumia matoleo tofauti ya programu moja ya usanifu, nyaya zikafika zikiwa fupi, na mwaka 2006 kampuni ikalazimika kutangaza ucheleweshaji mkubwa.

Kikao cha Jumatatu

Ukiendesha ukaguzi wa migongano kwa mara ya kwanza, programu itakuletea maelfu. Usiipeleke orodha hiyo kikaoni. Bomba moja likipita kwenye ukuta wa vyumba ishirini ni migongano ishirini na uamuzi mmoja. Soketi iliyozama ukutani si mgongano, ndivyo inavyokaa. Kazi ya mratibu, na hapa ndipo anapolipwa kwa haki, ni kuigeuza maelfu iwe maswali kumi na mawili yenye majina ya watu. Ayaangalie pia yale ambayo hayagusani lakini yana shida: vali iliyowekwa mahali ambapo mkono hauingii, paneli ya umeme isiyo na nafasi ya mtu kusimama mbele yake.

Tena kuwe na utaratibu wa kupishana uliokubaliwa mapema. Mimi hufuata maumbile. Boriti na nguzo hazihami kirahisi. Zinafuatwa na mabomba ya maji taka, kwa sababu maji taka hayapandi mlima. Kisha dakti kubwa, kisha mabomba yenye presha ambayo yanaweza kupinda, kisha trei za nyaya, na mwisho mabomba madogo ya nyaya ambayo hupenya popote.

Turudi kwenye korido. Dakti ndiyo ipishe. Mhandisi wa mitambo anaibadilisha iwe upana 900 na kimo 275: eneo la kupitisha hewa ni karibu lile lile, na ikivaa sufi inafika 325, inaingia kwenye 350. Lakini dakti bapa hula bati zaidi na husugua hewa zaidi, kwa hiyo feni ihesabiwe upya, na kama mota inakua, mhandisi umeme aambiwe. Kutoboa boriti kungewezekana pia, katikati ya kimo chake na mbali na nguzo, ila hilo ni neno la mhandisi miundo peke yake.

Ndani ya korido hiyo hiyo kuna bomba la maji taka la milimita 110 linalotoka vyoo vya ghorofa ya juu, likipita chini ya boriti kwa mita 12. Mteremko wake ni 1 kwa 40, maana yake mwishoni limeshuka milimita 300. Linaanza tumbo lake likiwa kwenye 2,890 na kuishia kwenye 2,590, chini ya dari yenyewe. Halipindi, halinyanyuki. Jawabu ni kulipatia bomba njia nyingine ya kushukia karibu zaidi, na njia hiyo itakula kona ya chumba cha dawa. Hapo mwenye neno ni mbunifu, na mshitiri aulizwe, kwa sababu chumba ni chake. Uamuzi unaandikwa: nani, nini, lini, na toleo gani la modeli litaonyesha kuwa umefanyika.

Mratibu asijifanye mhandisi. Mwaka wangu wa kwanza niliwahi kusogeza bomba mwenyewe, milimita 150 tu, nikaona nimemsaidia mwenzangu. Wiki iliyofuata alipandisha modeli yake mpya na bomba likarudi pale pale, kwa kuwa kwake halikuwahi kuhama, wakati mbunifu alishapanga dari kwa kufuata mahali nilipolipeleka mimi. Tangu hapo sigusi kitu cha mtu. Namrudishia mwenyewe.

Mshitiri anataka kujua nini?

Yote haya yalipaswa kuanza na swali moja ambalo mara nyingi huulizwa mwisho. Mshitiri ndiye anayetakiwa kuandika mahitaji yake ya taarifa kabla ya kuajiri washauri, na washauri wamjibu kwa mpango wa utekelezaji unaosema nani atatoa nini, kwa kina gani, tarehe ipi. Pasipo maandishi hayo, kila mtu huchora kwa kina anachokipenda. Nimeona pampu iliyochorwa hadi nati zake ilhali chumba cha pampu hakijaamuliwa kiwe upande gani. Wamarekani walipoanza kuandika ngazi za ukuaji wa modeli mwaka 2008, kutoka 100 hadi 500, walikuwa wanajibu hilo: ngazi ya chini husema "hapa patakuwa na pampu", ya juu husema ni pampu gani hasa iliyofungwa. Katikati ya hizo mbili hakuna haja ya nati.

Kwa hospitali yetu, mshitiri akiniuliza aandike nini, namwambia aende kwanza kwa fundi wa matengenezo wa hospitali iliyopo. Fundi huyo hataki picha ya jengo inayozunguka. Anataka kujua vali ya kufunga maji ya wodi ya wazazi iko juu ya dari ipi, kichujio cha hewa cha chumba cha upasuaji ni cha ukubwa gani na kilibadilishwa lini, pampu ikifa vipuri vyake vinaulizwa kwa namba ipi, kwa sababu kikiagizwa kisicho chenyewe Dar es Salaam kitasafiri zaidi ya kilomita elfu moja kabla hajagundua. Namba hiyo iwe imebandikwa kwenye pampu, na iwe ile ile iliyo kwenye modeli. Kama mkataba haukutaja, siku ya makabidhiano atapewa funguo na maboksi ya karatasi.